Jeraha Lisiloonekana: Khutba Juu ya Mionzi na Matengenezo ya Mwili

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyetuumba kwa uwezo Wake na kutulea kwa neema Zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya hayo, enyi Waislamu mliohudhuria hapa Ruhuwiko, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na mashuleni kwa njia ya redio: tunakuusieni, na tunajiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaona si la mimbari. Lakini tumeulizwa juu yake mara nyingi, na kunyamaza baada ya kuulizwa si tabia ya wenye elimu. Maswali ni mawili. La kwanza linatoka Namtumbo, jirani zetu wa mashariki. Urani iliyomo huko Mto Mkuju imezungumzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la machimbo litoke nje ya urithi huo, na mwezi wa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchenjua madini hayo. Vijana wetu wanatafuta kazi huko, na wazazi wanauliza: je, mionzi haitawaua watoto wetu?

Swali la pili linatoka kwa wenye wagonjwa. Mtu ana saratani, amepelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 900 kupitia Njombe na Iringa. Anaambiwa akae huko wiki tano, kila siku apigwe mionzi kwa dakika chache tu. Jamaa wanauliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini asipigwe yote siku moja akarudi kwao?

Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, na mzizi huo umo ndani ya chembe moja ya mwili.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai, ambazo katika vitabu vya shule huitwa seli. Ndani ya chembe, isipokuwa chache kama zile nyekundu za damu, mna kiini, na ndani ya kiini mna uzi uitwao DNA. Uzi huo wa chembe moja ukinyoshwa hufika mita 2 hivi, na hali chembe yenyewe haionekani ila kwa darubini. Umesukwa kwa nyuzi mbili zilizojipinda pamoja kama kamba, na juu yake yamo maagizo ya mwili, kana kwamba yameandikwa kwa herufi nne tu. Sehemu tuliyorithi kwa baba ina herufi kama bilioni 3, na ya mama vivyo hivyo. Mwenye kutaka kumtukuza Muumba wake, na aanzie hapo.

Na mionzi ni nini? Ni nguvu inayosafiri. Ipo iliyo laini, kama mwanga wa taa na joto la jiko. Ipo iliyo kali, kama ile ya eksirei na ile itokayo katika urani, ambayo ikipita mwilini huvuruga vitu inavyovipitia. Mara nyingine huupiga uzi wa DNA wenyewe. Mara nyingi zaidi hupiga maji, kwani chembe imejaa maji, na maji yaliyopigwa hutoa vipande vikali visivyotulia mpaka vimemdhuru jirani.

Wataalamu wamehesabu madhara hayo. Kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini huitwa grei. Grei 1 ya eksirei ikipita katika chembe moja, hukata uzi mmoja wa kamba ile mahali kama 1,000, na hukata nyuzi zote mbili kwa pamoja mahali kama 40. Kukatika uzi mmoja si neno kubwa, kwa kuwa wa pili umeshika na fundi anao mfano wa kuutazama. Kukatika zote mbili ndiko msiba. Chembe iliyokatika hivyo na isitengenezwe yaweza kufa. Au yaweza kuishi na maandishi yaliyoharibika, na hilo ndilo tunaloliogopa zaidi, kwa sababu humo ndimo saratani huanzia.

Wala msidhani kwamba chembe hungoja eksirei ndipo ipate majeraha. Hata mtu aliyekaa barazani kwake akinywa kahawa, hewa anayovuta na chakula kinachotumika mwilini mwake huzaa vitu vinavyoukwaruza uzi huo. Makadirio ni makumi ya maelfu ya majeraha kwa siku katika kila chembe. Kadhalika udongo, mawe na anga hutupiga mionzi kidogo mwaka mzima; wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka, na picha moja ya kifua hospitalini haizidi 0.1 hivi. Lau kama hapangekuwa na matengenezo, asingeishi mtu.

Basi chembe hujuaje kwamba imejeruhiwa? Nyinyi mnaosali tarawehe mtafahamu upesi. Imamu anapoteleza katika kisomo, yuko hafidhi nyuma yake ambaye masikio yake hayalali. Humfungulia imamu, na imamu hasongi mbele mpaka aya imekaa sawa. Katika chembe mna mfano wa hafidhi huyo: kundi la protini tatu, MRE11, RAD50 na NBS1, ambalo hushika ncha za uzi uliokatika. Likishashika, huiamsha protini nyingine iitwayo ATM (wala si ile mashine ya benki), na hiyo ndiyo ipigayo mbiu. Uzi wa DNA umezungushwa juu ya vibiringo vidogo vya protini; ndani ya dakika chache vibiringo vilivyo karibu na mkato hutiwa alama, na alama huenea pande zote mbili kwa urefu wa herufi milioni na zaidi. Alama hiyo ilielezwa na wataalamu mwaka 1998. Leo mtu akitazama chembe kwa darubini baada ya kuipiga mionzi, huona madoa yanayong'aa penye mikato.

Mbiu ikishalia, protini iitwayo p53 husimamisha kazi. Chembe iliyokuwa ikijiandaa kugawanyika haigawanyiki. Imamu amenyamaza, na safu zinangoja.

Kisha mafundi huja, nao wana njia mbili kubwa za kuunga mkato wa nyuzi mbili. Chukueni mfano wa kitabu cha mwanafunzi wa madrasa kilichochanika. Njia ya kwanza ni kuzishika ncha mbili na kuziunga papo hapo. Protini iitwayo Ku huvaa kila ncha kama pete, nyingine huzisogeza zikutane, na ya mwisho hugandisha. Ni kazi ya haraka na yafaa wakati wowote, lakini pengine herufi chache hupotea penye kiungo. Njia ya pili ni ya mwandishi mwangalifu: huazima kitabu kizima cha jirani, akafungua ukurasa ule ule, akanakili upya. Hii haipatikani kila wakati, kwani kitabu cha jirani huwapo baada ya chembe kuurudufu uzi wake. Protini BRCA1, BRCA2 na RAD51 zimo katika kazi hii. Na mwanamke aliyerithi BRCA1 au BRCA2 yenye kasoro huwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti, kwa kuwa fundi huyo hana mikono kamili.

Na jeraha likishindikana? Hapo p53 huiamuru chembe ijimalize. Hujikunja taratibu, ikamegwa na kuliwa na jirani zake, pasi na usaha wala uvimbe. Msilifananishe hili na mtu kujiua, ambalo ni haramu. Hili ni jani linalopukutika ili mti uishi.

Wako waliopewa ulinzi huu kwa wingi zaidi kuliko sisi. Tembo, hawa wanaopita katika ushoroba wa Selous na Niassa ndani ya Namtumbo na Tunduru, na ambao wakulima wetu wana maneno mengi juu yao, wana chembe nyingi mno kuliko mtu na huishi miaka mingi. Ingedhaniwa kwamba saratani ingewamaliza, na kumbe huwapata kwa nadra. Mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba tembo hurithi kwa kila mzazi nakala kama 20 za maagizo ya p53, na mwanadamu hurithi moja tu.

Mwaka huo huo wa 2015 tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa watu watatu waliochunguza matengenezo ya DNA: Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar. Enyi wanafunzi, lishikeni jina la huyu wa tatu. Alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, kusini mashariki ya Uturuki, mmoja wa watoto wanane, kwa wazazi ambao wenyewe hawakupata kusoma lakini waliwahimiza watoto wao wasome. Akasomea udaktari Istanbul, akawatibu watu wa kwao, kisha akaenda Marekani kutafuta elimu zaidi. Yeye alionyesha jinsi chembe inavyokikata kipande cha DNA chenye herufi kama 30 kilichoharibiwa na miale ya jua, na kukijaza upya. Kazi hiyo hufanyika kila siku katika ngozi ya kila mtu anayelima mchana. Nayo huelemewa katika ngozi ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu hawana rangi ya kuwakinga na majeraha ni mengi kuliko mafundi. Mwenye mtoto wa namna hiyo akampeleka shambani bila kofia pana na nguo ya mikono mirefu amemdhulumu.

Basi turudi Namtumbo. Mionzi mingi ya urani ni ya aina iitwayo alfa. Hiyo haina uwezo wa kupenya ngozi. Hata karatasi huizuia. Kwa hivyo mwenye kusema kwamba ukipita karibu na jiwe lile utakufa, amesema asilolijua. Hatari iko katika vumbi linalovutwa, na katika gesi ya radoni ambayo urani huizaa ardhini. Vikiingia mapafuni, alfa hupiga kwa karibu, na hupiga vibaya: hukata uzi mahali pengi palipobanana, hata hafidhi akawa hajui aanze aya ipi. Majeraha ya kurundikana namna hii ndiyo yanayowashinda mafundi. Wachimbaji wa urani wa karne iliyopita, huko Marekani na Ulaya ya Kati, walikufa kwa saratani ya mapafu kupita watu wengine, na waliokuwa wakivuta sigara hali yao ilikuwa mbaya zaidi.

Kwa hivyo asije kijana akasema, Mwenyezi Mungu amenipa mafundi mwilini, sihitaji kinga. Kisa cha ngamia na kamba yake mnakijua. Kijana anayeajiriwa na aulize: kipimo cha mionzi cha kuvaa kiko wapi? Hewa ya kazini inapimwa na nani, na majibu yanasomwa lini? Nguo za kazi zinafuliwa wapi, maana vumbi likiletwa nyumbani watalivuta watoto. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania imepewa kwa sheria ya mwaka 2003 kazi ya kusimamia mambo haya. Kuuliza si ukaidi.

Na sasa swali la pili, ambalo kwetu sisi ndilo zito zaidi, kwa kuwa tumewazika watu kwa ajili yake.

Daktari wa mionzi ana adui na rafiki mahali pamoja. Chembe za saratani zimekaa katikati ya chembe njema, na mionzi haina macho ya kubagua. Lakini chembe njema ina hafidhi na mafundi kamili. Chembe ya saratani mara nyingi imewapoteza baadhi yao. Karibu nusu ya saratani za wanadamu zina p53 iliyoharibika. Na katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, kirusi kinachoisababisha huleta protini yake mwenyewe ya kuiangamiza p53. (Chanjo ya kirusi hicho hutolewa kwa wasichana nchini tangu mwaka 2018. Baba mwenye binti na ayasikilize maneno ya wauguzi kuliko ya barazani.)

Basi daktari hutumia tofauti hiyo. Hutoa grei 2 hivi leo, kisha hungoja. Usiku ule chembe njema huunga mikato yake mingi, kwani sehemu kubwa ya kazi hukamilika kwa saa chache. Chembe ya saratani hubaki na deni. Kesho hupigwa tena, kabla haijalipa. Siku tano kwa wiki, wiki tano, mara 25: jumla yafika grei 50. Kila siku chembe njema imeamka karibu na uzima wake, na kila siku chembe ya saratani imezidi kuelemewa. Kiasi hicho kikitolewa kwa mara moja kingeunguza kila kilichokuwapo, kibaya na kizuri. Fahamuni kwamba mtu akipigwa grei 4 hivi mwili mzima kwa mara moja, bila ya matibabu, nusu ya watu wa hali hiyo hufa.

Jambo hili lilifahamika kwa majaribio. Katika miaka ya 1920 huko Paris, Claudius Regaud aliwachunguza kondoo dume. Alipotaka kuwatia utasa kwa mionzi ya mara moja, ngozi yao iliharibika vibaya. Alipoigawa kwa siku nyingi, alipata alilolitaka na ngozi ikasalimika. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, Mortimer Elkind alionyesha katika chembe zilizooteshwa maabara kwamba baina ya pigo na pigo chembe hujitengeneza.

Sasa tazameni lile linalotokea mgonjwa anapoondoka katikati. Mafundi hawalali, hata wale wachache waliobaki katika saratani. Akipewa nafasi, adui naye huunga alichoweza kuunga. Tena baada ya wiki kadhaa za mionzi, chembe za saratani zilizobaki huzidisha kasi ya kuzaana. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, madaktari hutaka matibabu yote, pamoja na mionzi ya ndani inayofuata ile ya nje, yamalizike ndani ya siku 56. Na kila siku inayopita hapo hupunguza matumaini ya kuushinda ugonjwa kwa kiasi kinachokaribia asilimia 1.

Tumemwona katika mitaa yetu mume aliyemrudisha mkewe baada ya wiki mbili. Damu ilikuwa imekoma, na maumivu yamepungua, akadhani amekwisha pona. Damu hukoma mapema kwa tiba hii; kukoma kwake ni dalili kwamba tiba imeanza kazi, wala si kwamba imemaliza. Haukupita mwaka tukamsalia yule mama katika uwanja wa msikiti huu. Hatumlaumu mume peke yake. Nauli ilikuwa imekwisha, mahindi yalikuwa shambani, na nyumba aliyofikia Dar es Salaam ilikuwa ya watu, nao wameanza kununa. Hakutuambia, na sisi hatukumwuliza.

Kwa hivyo tumekubaliana na kamati ya msikiti: mgonjwa yeyote wa Ruhuwiko atakayeandikiwa mionzi, jamaa zake na watuletee idadi ya siku alizopangiwa kabla hajasafiri, tuijue mapema. Mwenye zaka ya mali na asingoje Ramadhani. Maskini aliye mgonjwa ni wa kupewa, na nauli, malazi na chakula chake cha wiki zote zile ni mahali pake halali. Na majirani wawili watatu wakimvunia mahindi yake, mume hatakuwa na sababu ya kumrudisha mke njiani.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu.

KHUTBA YA PILI

Tunamsifu Mwenyezi Mungu na tunamsalia Mtume Wake. Enyi Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu.

Zimebaki mas'ala chache ambazo wagonjwa wa mionzi hutuuliza, nasi tutazijibu kwa ufupi.

Mgonjwa huchorwa mistari ya wino juu ya ngozi ili mashine ielekezwe mahali pale pale kila siku. Wako waliousugua wino huo kwa ajili ya josho, wakidhani unazuia tohara. Wino usio na tabaka juu ya ngozi hauzuii maji, kama hina isivyozuia. Uacheni mpaka daktari aseme. Na pale ngozi ilipobabuka na maji yakawa yanadhuru, huosha sehemu njema na kutayamamu kwa ajili ya sehemu ya ugonjwa, wala asijilazimishe.

Mwenye kukaa Dar es Salaam wiki tano si msafiri wa kupunguza sala. Akishanuia kukaa siku nne au zaidi, asali kamili. Asiyeweza kusimama na akae, na asiyeweza kukaa na alale ubavu. Ramadhani ikimkuta katika matibabu, na daktari mwaminifu akasema kufunga kutamdhuru au kutamkatiza tiba, na ale, na atalipa akipona. Na ambaye hakutarajiwa kupona atatoa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio hapa na walio njiani na walio Ocean Road, uwape subira ya kuzimaliza siku walizopangiwa, na uwahifadhi vijana wetu wanaokwenda kazini Mkuju. Wasamehe waliotutangulia, wanaume na wanawake, na yule mama miongoni mwao. Amin.

Simamisheni Sala.